Usianze na Panga: Yaliyonipata Kwenye Shamba la Mteremko

Shosho, nyanya yangu mzaa mama, alipotuacha mwaka wa 2012, shamba lake la Mathioya lilibaki bila wa kulishikia jembe. Ni ekari moja na kitu, na kama mashamba mengi ya Murang'a ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani, mgongoni mwa kilima, ukateremka hadi mtoni. Kuteremka kwenyewe ni kwa kushikilia migomba. Mimi wakati huo nilikuwa soko la Gikomba, Nairobi, nikipambana na marobota ya mitumba, na ushago nilifika Krismasi tu. Nilisimama juu barabarani, nikaangalia kichaka, nikatikisa kichwa, nikarudi Nairobi.

Mwisho wa 2017 mama akasema amechoka na kodi ya nyumba mtaani Umoja, Nairobi, anarudi kukaa kwa mama yake. Basi Februari 2018 nikatafuta vijana sita, nikanunua mapanga na mafyekeo, nikakodisha msumeno wa mashine. Kwa siku nne tulifyeka kila kitu: lantana, miwati ile ambayo kwetu huitwa mithanduku, magugu, hata nyasi za ukingoni mwa mto. Vilivyokauka tukavichoma. Nilipiga picha shamba likiwa jekundu, safi kama ua uliofagiliwa, nikaituma kwenye grupu la familia. Nilisifiwa sana. Shangazi mmoja aliandika kwamba nimewaaibisha wanaume.

Masika ya mwaka huo wengi mnayakumbuka. Nairobi tulikuwa tunaruka madimbwi kwenda kazini, na huko milimani haikuacha. Usiku mmoja wa Aprili kipande cha shamba kilichokuwa juu ya nyumba kiliachia. Tope lilishuka, likabomoa ukuta wa jiko la mama, likasimama kwenye migomba. Mama alikuwa amelala chumba cha upande wa pili. Hakuumia, na hilo ndilo ninalolitaja kwanza nikisali hadi leo.

Asubuhi jirani yetu, mzee ambaye amelima mteremko ule tangu kabla sijazaliwa, alikuja akaangalia lile kovu kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "ulifungua kamba ukaacha mzigo juu."

Kila Januari hunipigia mtu wa Nairobi aliyerithi kichaka mahali fulani, Mathira au Mbooni au Kisii, akitaka kujua vibarua wa kufyeka wanalipwa ngapi. Swali langu kwake huwa: maji yanapita wapi?

Acha panga nyumbani. Vaa gambuti uende shambani siku mvua inanyesha, kama bado kuna mvua ya kunyesha, na ukikosa mvua fuata alama zake: mahali udongo umechimbika kama mfereji, mahali majani makavu yamerundikana nyuma ya shina, mahali pana ubichi wakati kwingine pamekauka. Panda hadi mpaka wa juu kabisa wa shamba, kisha uangalie ng'ambo ya mpaka. Mimi nilipofanya hivyo, tayari nimeshachelewa, ndipo nikagundua kwamba maji yaliyotuangusha hayakuwa hata yetu. Mtaro wa barabara ulikuwa umezibwa na udongo na chupa za plastiki, kwa hiyo mvua ya nusu kilometa ya barabara ilikuwa inaingia kwetu kupitia pengo la ua. Kuzibua mtaro ule kulichukua watu wawili asubuhi moja. Kazi ile ndogo ingefaa kuliko siku nne za mapanga.

Halafu hesabu maji ya paa lako, maana watu hulaumu kilima na kusahau mabati. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la mama ni meta 8 kwa 9. Mvua ya milimita 40 kwa usiku mmoja, ambayo huko si ajabu, inatoa lita 2,880 kutoka paa hilo peke yake, sawa na mitungi 144 ya lita 20 ikimwagwa ukutani. Weka gata, weka tangi, na tangi liwe na bomba la kupeleka maji mbali likijaa. Tangi lenyewe liketi upande wa nyumba ulio kwenye ardhi ngumu, si ukingoni mwa mteremko: lita 5,000 zina uzito wa tani tano. Na shimo la kunywesha maji machafu lisichimbwe juu ya nyumba. Hapo unalisha kilima maji kwa kijiko hadi kilewe.

Sasa kichaka. Sisemi kiachwe kama kilivyo. Lantana hufukuza nyasi, na mama hawezi kupita njia yenye nyoka. Ninachosema ni kwamba ukifyeka, fyeka kwa mistari inayokata mteremko, ukanda mmoja unasafisha, mwingine unauacha, na ule ulioacha unaurudia msimu unaofuata baada ya wa kwanza kuota nyasi. Usichome. Matawi yalaze kwa mstari ule ule wa kukata mteremko, uyashindilie kwa vigingi, na udongo utakaoshuka utakutana nayo. Ukingo wa mto usiuguse kabisa. Na mti ulioegemea waya wa stima usiupande na msumeno wako, piga simu Kenya Power waje.

Visiki ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Vijana walitaka kuving'oa, tukang'oa vingi, na kila shimo la kisiki likawa bakuli la kukusanya maji. Kata mti usawa wa ardhi, uache mizizi. Lakini jua kwamba kuna miti inayochipua tena, kama mkaratusi, na mingine ikikatwa hufa. Muwati mkubwa mara nyingi hufa. Mizizi yake itaendelea kushika udongo msimu wa kwanza, labda wa pili, kisha itaoza, na miaka michache baadaye mteremko unakuwa dhaifu kuliko siku uliyokata mti. Kwa hiyo mti wa kuchukua nafasi yake upande kabla hujakata ule wa zamani. Sisi tumepanda miti ya mibariti (grevillea) na miringa, na mianzi kule chini.

Mitaro ndiyo kazi yenyewe, na hapa watu wa Nairobi hudanganywa na video. Wote mmesikia fanya juu: unachimba mtaro kando ya mteremko, kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo unaurusha upande wa juu uwe tuta, na miaka ikipita shamba linajijenga ngazi. Ukambani imefanya maajabu. Nenda Machakos uone vilima vilivyokuwa vipara leo vina maembe. Lakini kule mvua ni chache na mtaro unatakiwa kuyafunga maji yazame. Kwetu chini ya milima ya Aberdare, kilima chenye udongo mzito ambao umeshashiba, ukifunga maji yazame unakiongezea uzito na utelezi. Nilichimba fanya juu ya kufunga mwaka 2019, nikaona maji yakitokeza chini yake kama chemchemi, nikaogopa.

Kinachotufaa sisi ni mtaro wa kukinga, juu kabisa ya shamba, ulioinamishwa kidogo sana ili maji yatembee pole pole kwenda pembeni: kama nusu meta kwa kila meta 100. Ukiuinamisha zaidi unachimbika wenyewe, ukiuacha sawa unakuwa bwawa. Huhitaji mashine kupima. Chukua miti miwili ya meta mbili, ifunge juu kama herufi A, miguu ikiachana meta mbili, weka mti wa kukata katikati, kisha ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa kati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukitaka kuinamisha, funga kijiti cha sentimita moja chini ya mguu ulio upande wa maji yanakokwenda. Watoto wa jirani waliishika kwa dakika kumi, mimi ilinichukua mchana mzima.

Tuta la udongo uliouchimba lipandwe nyasi mara tu mvua ya kwanza inapolowesha ardhi. Nepia hushika haraka na ng'ombe wa jirani wataifurahia. Vetiva ni ghali kidogo kwa miche, lakini mizizi yake huzama zaidi ya meta mbili, na ukiipanda sentimita 10 hadi 15 kutoka shina hadi shina inakuwa ukuta. Ndiyo maana kuchimba kuishe Februari kwa ajili ya masika, au Septemba kwa ajili ya vuli. Tuta lisilo na nyasi siku mvua kubwa inapokuja ni udongo uliourahisishia safari.

Pima pia mteremko wenyewe. Nyosha kamba ya meta 10 iwe sawa na upeo wa macho, kisha upime kutoka mwisho wake hadi chini. Ikizidi meta 3 na nusu umepita asilimia 35, na kanuni za kilimo za Kenya kwa miaka mingi zimekataza kulima hapo. Nyasi na miti, basi. Nusu ya chini ya shamba letu iko hivyo, na viazi nilivyokuwa nimeshavipigia hesabu nikavisahau.

Ukianza kuchimba, mzee mmoja atakuja kukutazama kwa jicho baya. Msikilize. Murang'a hii ndiyo ambako mwaka 1947 watu walikataa kuchimba mitaro ya serikali ya kikoloni, kwa sababu wanawake walikuwa wanalazimishwa kuichimba bila malipo. Udongo ulikuwa unaharibika kweli, ila uchungu wa kulazimishwa ulibaki na jembe, na mama yangu bado anaita mtaro "kazi ya chifu".

La jirani aliye chini pia lazima niliseme. Mtaro wangu wa kwanza mzuri ulimwaga maji moja kwa moja kwenye majani chai ya mtu. Alikuja kwa hasira, na alikuwa na haki. Tulikaa na mzee wa kijiji, tukakunywa chai ya huyo huyo niliyemharibia, tukakubaliana njia ya maji ipite mpakani, nusu upande wake na nusu wangu, pana, isiyo na kina, iliyofunikwa nyasi kutoka juu hadi mtoni. Ningemwendea kabla ya kuchimba, ningeokoa siku tatu za vibarua na heshima yangu.

Mwezi wa pili sasa hufuatilia utabiri wa msimu kutoka Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner, kisha naenda wikendi mbili: ya kwanza kuzibua mitaro na kalvati, ya pili kupogoa matawi yaliyo juu ya paa na kukaza misumari ya mabati. Hizo ni kazi ndogo.

Kubwa ni mazungumzo na mama, ambaye hapendi kuondoka nyumbani. Tumekubaliana alama. Ufa mpya ardhini wenye umbo la mwezi mchanga. Miti iliyoanza kuinama. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na ghafla unakwama. Maji kutokeza mahali hayajawahi kutokeza, au mto kugeuka tope wakati kwetu hakujanyesha. Akiona moja kati ya hizo haniulizi, anachukua mkoba ulio nyuma ya mlango anakwenda kwa dada yake upande wa pili wa barabara, usiku au mchana, ndipo anapiga simu. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, imeandikwa kwa makaa ukutani, pamoja na zile za dharura, 999 na 112.

Aprili 2024, wiki zile za mafuriko ya Mathare na Mai Mahiu, alikwenda mara mbili. Hakuna kilichoanguka, na mara ya pili alilalamika kwamba dada yake anakoroma. Mtaro wa juu ulibeba maji usiku kucha na vetiva ilisimama. Ila pembe ile ya kushoto, ambako visiki vya miwati vya 2018 vimekuwa unga sasa, imeshuka kama upana wa kiganja tangu nilipopiga kigingi Januari. Hapo nimeacha nyasi zikue, miringa ina urefu wa kiuno changu, na kamba ya mbuzi wa mama nimeihamishia upande mwingine.