Tovuti ya Bure ya Stadi za Kusoma: Majibu kwa Wasomaji wa Pwani

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba mimi na walimu wenzangu wawili hapa Lamu tunaendesha tovuti ya bure inayowafundisha wanafunzi namna ya kusoma, yaani namna ya kudurusu, kuandika muhtasari, kupanga muda na kujitayarisha kwa mtihani, barua nilizopokea zimezidi za mada nyingine zote. Nimechagua chache na kuzifupisha kidogo, na majina ya waulizaji nimeyaacha kama walivyoomba.

Mwalimu mwenzangu, watoto wa shule yetu huzungumza Kikuyu, Kiswahili, Kigiriama na Kipokomo majumbani mwao. Tukianzisha tovuti kama yenu, tuanze na lugha ngapi? (Mwalimu wa sekondari, Mpeketoni)

Anzeni na mbili, Kiswahili na Kiingereza, ambazo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua kuwa lugha rasmi na ambazo mtoto atazikuta katika karatasi ya mtihani. Lugha ya tatu iongezeni siku mtakapopata watu wawili wa lugha hiyo, mmoja wa kutafsiri na mwingine wa kuisoma tafsiri bila kutazama maandishi ya asili. Mfasiri aliye peke yake haoni makosa yake, kwa kuwa anajua alichokusudia kusema na macho yake humsomea kile alichokusudia, si kile alichokiandika.

Nayasema haya kwa sababu sisi tulikosea. Mwaka wetu wa kwanza tulifungua lugha tano kwa pupa, tukajivunia orodha ndefu iliyopamba ukurasa wa mwanzo. Wafasiri wa kujitolea walitafsiri kurasa kumi kumi, kisha mmoja akapata kazi Mombasa, mwingine akajifungua, wa tatu akachoka tu, wala sikumlaumu. Baadaye tuliurekebisha ukurasa wa Kiswahili unaohusu ratiba ya kudurusu, na tafsiri zake zikasahauliwa, hata ikawa kwa miezi kadhaa mwanafunzi aliyesoma kwa Kiswahili anaambiwa jambo moja na aliyesoma kwa Kisomali anaambiwa kinyume chake. Sasa tunalo jedwali la kawaida la kompyuta ambamo kila ukurasa una mstari wake, kila lugha ina safu yake, na kila kisanduku kina tarehe ya marekebisho ya mwisho. Tarehe ya tafsiri ikiwa nyuma ya tarehe ya asili, ukurasa huo huwekewa ilani juu yake mpaka urekebishwe. Lugha mbili zilizokosa msimamizi tuliziondoa kabisa. Iliniuma kuziondoa, lakini ukurasa uliopitwa na wakati humdhuru mwanafunzi kuliko ukurasa usiokuwapo, maana asiyeupata atauliza kwingine, na aliyeupata ataufuata.

Shikamoo mwalimu. Mimi husoma daftari langu mara nne na kupaka rangi mistari muhimu, lakini nikiingia katika mtihani nasahau. Kwa nini tovuti yenu haifundishi kupaka rangi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi)

Marahaba mwanangu. Hatuifundishi kwa sababu faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, ambao ni wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha tathmini ya mbinu kumi za kusoma. Kupaka rangi na kusoma tena na tena ziliwekwa katika daraja la chini la manufaa, na zilizopewa daraja la juu zilikuwa mbili tu, nazo ni kujipima mwenyewe na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika usiku mmoja.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Unaposoma ukurasa kwa mara ya nne maneno yanakuwa mazoefu machoni, na mazoea hayo unayachukulia kuwa ni ujuzi, hali mtihani haukuulizi kama umewahi kuyaona maneno hayo bali unakutaka uyatoe kichwani bila daftari. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakavisoma tena na wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojikumbusha wenyewe waliwapita wenzao. Hizo dakika tano ndizo zinazokuhadaa, kwani unapofunga daftari usiku unajiona umeiva.

Wala usidhani kwamba jambo hili limeletwa kwetu na maprofesa wa ng'ambo. Mtazame mtoto anayehifadhi Kurani hapa Lamu. Hapaki rangi msahafu, bali huufunga, akamsomea mwalimu wake kwa ghibu, akikwama husahihishwa, na kila siku pamoja na somo jipya hurudi katika aliyoyahifadhi zamani, jambo linaloitwa muraja. Kujipima na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali vyote viwili vimo humo, na vilikuwamo kabla ya mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha vipimo vya jinsi alivyokuwa akisahau silabi zisizo na maana alizozikariri yeye mwenyewe. Katika ukurasa wetu wa Kiswahili tumeliita somo hilo muraja, na ukurasa huo husomwa kuliko kurasa zetu nyingine zote.

Fanya hivi. Chukua bahasha tatu na vipande vya karatasi, uandike swali upande mmoja na jibu upande wa pili, kwa mfano damu hutoka moyoni kwa mshipa gani. Kadi zote zianze katika bahasha ya kwanza, ambayo utaipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi ihamie bahasha ya pili, ambayo hupitiwa kila baada ya siku tatu, kisha ya tatu, ambayo hupitiwa mara moja kwa wiki, na ukikosea, kadi irudi bahasha ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Utaratibu huu ulienezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970 kwa sanduku lenye vyumba, nasi tunatumia bahasha kwa kuwa ndizo zilizopo. Kalamu yako ya rangi usiitupe, itumie kuchagua yale utakayoyageuza kuwa maswali.

Niongeze neno kwa wale wanaoniuliza kama wao ni wanafunzi wa kuona au wa kusikia. Tulikuwa na ukurasa wa mambo hayo na tukaufuta, kwa sababu mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichunguza tafiti zilizokuwapo wakaona hazitoi ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda kunamfanya ajifunze vizuri zaidi.

Nimejitolea kuwatafsiria kurasa, nami nimeona mashine inaweza kutafsiri zote kwa usiku mmoja. Mbona mnakataa? (Kijana, Watamu)

Hatukatai kuitumia, ndugu yangu, tunakataa kuchapisha kilichotoka mashineni bila mtu kukipitia. Mashine iliwahi kutuandikia “chora hitimisho lako” mahali palipotakiwa “toa hitimisho lako”, na mwanafunzi mmoja mtiifu akatuuliza achore picha gani. Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa maandishi ya darasani na kwa pesa ya karatasi, basi mashine ikawaagiza wanafunzi wazipange noti zao kila jioni kabla ya kulala, agizo linalomfaa zaidi mwenye duka. Kwa Kiswahili makosa haya yanaonekana na kurekebishwa upesi. Kwa Kigiriama au Kipokomo, lugha ambazo maandishi yake mtandaoni ni machache na kwa hiyo mashine imejifunza kidogo, sentensi huweza kuonekana safi kabisa na huku imesema jambo jingine.

Lakini hata maneno yote yakiwa sahihi, ukurasa unaweza kumpotea msomaji wake. Kurasa za Kiingereza tulizoanza nazo zilimshauri mwanafunzi aingie chumbani kwake, afunge mlango na aketi kwenye meza yake ya kusomea. Mtoto wa hapa analala na ndugu zake watatu, na mlango ukifungwa mchana nyumba nzima itauliza ana nini. Kwa hiyo ukurasa wetu unamshauri achague saa badala ya kuchagua chumba: baada ya swala ya alfajiri kabla nyumba haijachangamka, akae dakani au barazani akiwa na ubao wa kuandikia magotini. Upo pia ukurasa wa ratiba ya Ramadhani, unaohamishia masomo mazito baada ya daku, na asili yake ya Kiingereza haipo kwa sababu uliandikwa kwa Kiswahili kwanza. Kazi ninayokuomba, basi, ni kuuliza katika kila aya kama mtoto wa Watamu anaweza kulifanya linaloelezwa, na pale ambapo hawezi uniandikie kabla hujatafsiri.

Mwanangu, kwa nini hamuandiki kwa Kiamu, na nyinyi ni watu wa Lamu? (Bibi, Mkomani)

Shikamoo bibi. Tungependa, na si kwamba tunakionea haya. Mtihani unasahihishwa kwa Kiswahili sanifu, na mtoto akiandika mato badala ya macho, ndia badala ya njia au mai badala ya maji, atapoteza alama ingawa hakukosea lugha ya kwao. Tulichofanya ni kurekodi sauti, ambapo maelezo yale yale husemwa kwa Kiamu na mtoto huyasikiliza huku akiyafuata maandishi ya sanifu. Wazazi wasiosoma wamezipenda rekodi hizo kuliko tulivyotarajia.

Huku kwetu mtandao hushika na kuachia, na bando linakwisha kabla ukurasa haujafunguka. (Mzazi, Kizingitini)

Lawama hiyo ni haki yetu kuibeba, kwa maana wanaotengeneza tovuti huzijaribu mahali penye mtandao mzuri. Maneno 1,500 ya Kiswahili huchukua takriban kilobaiti 10. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi hufika megabaiti 3, ambazo zingetosha kurasa 300 za maandishi, na mara nyingi picha yenyewe ni ya mtoto anayetabasamu mbele ya kitabu, haimfundishi mtu lolote. Tumeziondoa karibu zote, michoro tuliyoibakisha ni ya mistari tu, na rekodi za sauti hazianzi mpaka mtu azibonyeze mwenyewe.

Aidha, tovuti nzima ya Kiswahili, isipokuwa rekodi za sauti, inapatikana katika faili moja ambalo mwalimu anaweza kulipakua akiwa Lamu mjini na kulipeleka Kizingitini ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu, wanafunzi wakarushiana kwa simu zao bila kutumia bando. Kila somo lina pia toleo la kuchapishwa lisilozidi karatasi moja, pande mbili.

Hakuna kitu cha bure. Nani anawalipa, na mnafanya nini na habari za watoto wetu? (Baba, Malindi)

Swali zuri, na walimu waliulizwe kila wanapowatuma watoto mtandaoni. Tunalipia jina la tovuti kila mwaka, tunalipia nafasi kwenye seva, na gharama hizo walimu watatu tunachangiana. Hatuweki matangazo, kwa kuwa matangazo ya mtandaoni huja na vifaa vya kumfuatilia msomaji, na wasomaji wetu wengi ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na taarifa binafsi za mtoto, nasi tumeona njia nyepesi ni kutozikusanya: hakuna kujisajili, hakuna kuandika jina wala nambari ya simu. Kurasa zote zina leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na kuzisambaza almuradi ataje chanzo, kwa hiyo hata sisi tukishindwa kulipa kesho, shule iliyo na nakala haitapoteza kitu.

Je, mnaweza kuweka Kiarabu, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Naona pia hamtumii bendera kuonyesha lugha. (Mwalimu wa madrasa, Siyu)

Kwa upande wa kompyuta inawezekana bila tabu, sheikh wangu. Ukurasa hupewa agizo la kuandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na huwekewa alama ya lugha yake, ambayo ni ar kwa Kiarabu, sw kwa Kiswahili na nyf kwa Kigiriama, ili programu inayomsomea asiyeona itamke inavyopaswa. Bendera tumezikwepa kwa sababu Kiswahili kingepewa ya nchi gani, na Kigiriama kingepewa ipi? Kila lugha tumeiandika kwa jina inalojiita yenyewe.

Kuhusu herufi za Kiarabu, maandishi ya Kiswahili ya visiwa hivi yaliandikwa kwazo kwa karne nyingi, na ningefurahi kuziona katika tovuti yetu. Ukurasa wa muraja umekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu na mwalimu mmoja wa hapa, lakini uko kabatini tangu mwezi uliopita kwa kuwa haujapata msomaji wa pili. Kama una nafasi baada ya darasa za jioni, nitakutumia nakala yake pekee, bila ile ya Kiswahili.