Ami Jibu: Tajiri anaitaka timu yetu, tumpe?

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mtaa huku Muyeye, Malindi. Timu tumeilea wenyewe kwa michango, hamsini hamsini kila Ijumaa, hata nyavu za goli ni zile za wavuvi zilizochakaa tunaziunga tunafunga. Sasa kuna tajiri amekuja, anasema atatoa jezi, gari na posho za wachezaji ila timu iandikwe kwa jina lake, halafu ati atasema na kaunti imjengee uwanja palepale tunapochezea. Wazee wamegawanyika. Tumpe?
Kocha, Muyeye

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi nakwambia wazi, msaada wake pokeeni lakini timu msimpe, na uwanja ndio kabisaa!

Manake timu ikishaandikwa jina la mtu ni mali yake, akichoka au mkikosana naye anabeba anaenda zake na nyinyi hamna pa kushtaki. Marekani yametokea haya kwa timu kubwa sembuse ya mtaa. Seattle walikuwa na timu ya basketboli, SuperSonics, tangu 1967, wakachukua ubingwa 1979, baadaye ikanunuliwa na matajiri wa Oklahoma City, wakataka ukumbi mpya kwa pesa za umma, hawakupata, 2008 wakaihamisha timu kwao. Watu waliokua nayo tangu utotoni wakabaki na skafu tu.

Sasa angalia Green Bay, kimji cha watu laki moja na kidogo hivi, lakini timu yao ya futiboli ya Kimarekani, Packers, ipo tangu 1919 na haijaenda popote kwa sababu tangu 1923 ni ya wananchi. Wenye hisa leo wanapita laki tano. Hisa yenyewe haikulipi faida hata senti, huwezi kuiuza upate pesa, na hakuna anayeruhusiwa kushika zaidi ya hisa 200,000, kwa hivyo hata uwe na fulusi vipi huwezi kuiteka. Walipouza nyingine 2021 kwa dola 300 moja watu walinunua, cheti wakakitia fremu wakatundika ukutani. Na katiba yao inasema timu ikiuzwa pesa ziende kwa sadaka, sasa nani atahangaika kuiuza?

Tena usidhani hao hawakutumia pesa za umma, walitumia. Mwaka 2000 wakazi walipiga kura wakakubali kodi ya nusu asilimia madukani ili kukarabati uwanja wa Lambeau, kodi ikakoma 2015. Lakini waliulizwa kwanza, na uwanja ni wa mji, si wa mtu.

Kwa hivyo nyinyi andikeni katiba ya klabu na mjisajili kwa Msajili wa Michezo kwa ile Sheria ya Michezo ya 2013. Wekeni humo kwamba kura nyingi ni za wanachama, Wajerumani wanaita 50+1, na hata Simba ya Dar ilipofungulia mwekezaji mlango ilimwekea mwisho asilimia 49. Tajiri akikubali hivyo basi ni mpenzi wa timu, mpeni kiti cha mbele. Akikataa, mmeshajua alichofuata.

La kiwanja ndilo linaniumiza moyo, sisi watu wa Pwani ardhi tunaijua ilivyotutoka. Viwanja vya michezo ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, sawa, ijenge, lakini kabla ya tofali la kwanza ulizeni hati iko kwa jina la nani na mtaa utacheza siku gani bila kulipa. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, nendeni kwenye vile vikao vya maoni na barua yenye sahihi za watu, hakikisheni imepokelewa na kupigwa muhuri, maneno ya mdomo hayaachi alama.

SWALI: Ami, huku Lamu tunaambiwa uwanja mkubwa ukijengwa biashara itafufuka mji mzima. Kweli?
Mama wa mahamri, Langoni

JIBU: Bibi, wanauchumi Marekani wamelichunguza hili miaka mingi na wengi wao wamekuta pesa ya umma hairudi. Mtu ana mfuko mmoja, akila viazi karai uwanjani Jumamosi hatakuja kula mahamri yako jioni, pesa imehama tu. Na timu ya NFL, ile ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa msimu inacheza nyumbani mechi nane au tisa za ligi, siku nyingine zote je? Watoto wajengewe kiwanja kizuri chenye choo, maji na taa, hiyo ni haki yao na mi naiunga mkono, lakini wakitaka mamilioni waseme ni kwa ajili ya watoto, wasikwambie wewe utatajirika.