Maswali ya Wasomaji: Ua Moja au Maua Mengi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida. Katika kipindi cha sehemu za ua niliwaletea wanafunzi alizeti, wakaanza kung'oa petali za manjano mojamoja. Mmoja akauliza kwa nini kila petali inatoka ikiwa na kitu kidogo chini yake kinachofanana na mbegu changa. Je, alizeti ni ua moja?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ana macho. Alizeti si ua moja, bali ni mamia ya maua, na katika vichwa vikubwa huzidi elfu, yaliyopangwa juu ya kitako kipana kwenye ncha ya shina. Mkusanyiko wa maua yanayobebwa na kikonyo kimoja kikuu tutauita shada katika safu hii. Kila utepe wa manjano alioung'oa mtoto huyo ni ua zima ambalo petali zake zimeungana, na kile kitu kidogo cha chini ni ovari yake, yaani kifuko ambamo mbegu hukua. Lakini ua la pembeni ni tasa, ovari hiyo haitajaa kamwe, na kazi iliyobaki kwake ni kuonekana na nyuki kutoka mbali.

Maua yanayozaa ni yale ya katikati. Chukua kichwa ambacho kimechanua nusu, ukipasue kwa kisu kutoka juu hadi kwenye kikonyo, kisha chomoa ua moja kwa pini na uliweke juu ya karatasi nyeupe. Chini utaona ovari nyeupe, ambayo ndiyo itakayokuwa punje ya alizeti. Juu yake kuna mrija mwembamba wenye ncha tano mdomoni, kwa kuwa umetokana na petali tano. Ndani ya mrija kuna stameni tano, yaani viungo vya kiume vya ua, ambazo sehemu zake za kubeba chavua, ule unga wa kiume, zimeshikana na kufanya neli ya rangi ya kahawia iliyoiva, na ndani ya neli hiyo shingo ya ovari hupanda polepole ikiisukuma chavua nje, na ikishatoka ncha yake hugawanyika mara mbili na kujikunja, tayari kupokea chavua iliyoletwa na nyuki.

Maua hayo huanza kuchanua ukingoni na kuelekea ndani, kwa hiyo kichwa kimoja kinakupa umri wote kwa pamoja: duara la nje limekwisha kupokea chavua, linalofuata ndiyo kwanza linaitoa, na katikati bado ni matumba. Majani ya kijani yaliyo chini ya kichwa, ambayo vitabu vya mazoezi mara nyingi huyachorea mshale wa sepali (vijani vinavyofunika tumba la ua moja), ni brakti, yaani majani yaliyogeuzwa kuwa kinga ya shada. Ukipenda hesabu, waambie wanafunzi wafuate mizunguko ya punje; katika vichwa vingi watapata 34 kwa upande mmoja na 55 kwa upande wa pili.

Kwa somo la sehemu za ua moja ningekushauri uiache alizeti, utumie haibiskasi, ambayo ua lake hukaa peke yake kwenye kwapa la jani, yaani pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Sepali, petali, stameni na stigma (ncha inayopokea chavua) zote ni kubwa na hazihitaji pini.

SWALI: Naandika kutoka Chake Chake. Tangu utotoni nachuma karafuu, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini lazima zichumwe kabla hazijachanua, na kwa nini haziivi zote pamoja.

JIBU: Karafuu ni tumba la ua. Iloweke kavu moja usiku kucha, na asubuhi itakuwa imelainika kiasi cha kufunguliwa kwa ukucha. Kile kichwa cha mviringo ni petali nne zilizofunikana, na ndani yake zimekunjwa stameni nyingi. Meno manne yanayokizunguka ni sepali. Na sehemu ndefu iliyobaki ni kitako cha ua, ambacho ovari yake imejificha karibu na sehemu ya juu. Mafuta yanayoipa karafuu harufu yake yamo katika vifuko vidogo ndani ya kitako hicho. Ua likichanua, petali huanguka zote kama kifuniko, stameni hutawanyika, na anayenunua hupokea kitako kisicho na kichwa, ambacho thamani yake imeshuka. Ndiyo maana wachumaji husubiri tumba lianze kugeuka kutoka kijani kuelekea wekundu, wala hawangoji zaidi.

Kuhusu kutoiva pamoja, sababu ni mpangilio. Maua ya mkarafuu hukaa kwenye ncha za matawi, katika mashada yanayogawanyika tena na tena, na tumba la katikati ya kila mgawanyiko hutangulia wenzake. Hivyo mti mmoja hurudiwa zaidi ya mara moja katika msimu. Vikonyo vya shada mnavyovitenga mnapochambua ndivyo makonyo, navyo vina mafuta ya kutosha kununuliwa kwa ajili ya kukamuliwa. Matumba yaliyosahaulika mtini huzaa tunda la zambarau, kwa kawaida lenye mbegu moja, na hizo ndizo mbegu za kitaluni. Zipandwe mapema, maana hazikai.

SWALI: Shambani kwangu Bukoba kuna mgomba ambao ua lake linaendelea kushuka na kufunguka kila siku, lakini chane haziongezeki. Niupe mbolea?

JIBU: Mbolea haitaongeza chane kwenye mkungu ambao umekwisha kutoka. Tuanze chini. Kile tunachokiita shina la mgomba ni vitako vya majani vilivyofumbatana; shina halisi ni tunguu lililo chini ya udongo. Wakati ukifika, ncha ya tunguu huacha kutoa majani na kugeuka shada, ambalo hupanda ndani ya vitako hivyo hadi litokeze juu na kuinama. Kwa kuwa ncha yenyewe imekwisha kutumika, mgomba huo hauwezi kuzaa mara ya pili, na shamba huendelezwa na machipukizi.

Kila brakti ya zambarau inapojikunja na kuanguka huacha safu mbili za maua. Brakti za kwanza hufunika maua ya kike, yenye ovari ndefu, na hayo ndiyo chane zako. Hukua bila kuchavushwa, ndiyo sababu ndizi tunazokula hazina mbegu. Zinazofuata hufunika maua ya kiume peke yake, na hayo unayoyaona yakifunguka kila siku ni hayo. Yataanguka.

Liondoe tumba hilo la maua ya kiume lililo kwenye ncha ya mkungu mara chane ya mwisho ikishafunguka. Nasisitiza hili kwako zaidi kuliko kwa msomaji wa mahali pengine, kwa sababu wadudu wanaofuata mbochi, yaani maji matamu ya ua, katika maua ya kiume hubeba bakteria wa unyanjano, ugonjwa uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera mwaka 2006. Tumia kijiti chenye panda, ulizungushe tumba hadi livunjike. Panga au kisu kikishapita katika mgomba mgonjwa, utomvu wake hupeleka ugonjwa kwenye mzima.

SWALI: Bibi yetu hapa Kitui husema kwamba mkuyu huchanua usiku wa manane na kwamba ua lake halijaonwa na mtu. Ni kweli?

JIBU: Mpe bibi salamu zetu, na umwambie kwamba sehemu ya pili inakaribia ukweli. Mkuyu huchanua, lakini maua yake yako ndani ya kile tunachokiita tunda. Kuyu ni shada lililojifunga: kitako kimejikunja kikawa mfuko, maua yamepangwa ukutani kwa ndani, na mlango pekee ni tundu dogo lililozibwa kwa magamba. Nyigu jike mwenye urefu wa milimita chache, ambaye wataalamu humwita Ceratosolen arabicus, hujipenyeza humo akiwa na chavua kutoka kuyu jingine, mara nyingi akipoteza mabawa njiani. Hutaga mayai katika baadhi ya maua na kuyachavusha mengine, na ndani ya mfuko huo watoto wake hukua, hupandana, na madume yasiyo na mabawa hutoboa ukuta ili majike watoke.

Bibi akitaka kuyaona maua hayo kwa macho yake, mpasulie kuyu lililo bado la kijani na gumu. Likiiva, kitakachobaki ni mbegu.