Basi la kupanda na "basi" ya kutosha

SWALI: Habari yako mhariri. Jana jioni kwa steji makanga alipiga ubavu wa gari mara mbili akaita "basi basi, imejaa, twende!" sasa kijana wangu wa darasa la tano akaniuliza kama hiyo basi na basi tunayopanda ni neno moja, nikakosa jibu. Nisaidie tafadhali. — Msomaji, Kayole

JIBU: Huyo kijana mpe hongera kutoka kwangu, ana masikio. Ni maneno mawili tofauti kabisa. Ile ya kutosha ni ya Kiajemi, "bas", yaani imetosha. Ya kupanda tumeitoa kwa Kiingereza, "bus", na hapo ndipo hadithi inanoga maana "bus" ni kipande tu, neno zima lilikuwa "omnibus", Kilatini hicho, maana yake "kwa wote". Wafaransa ndio waliita hivyo magari ya farasi ya abiria, halafu mwaka wa 1829 George Shillibeer akaleta yake London, kutoka Paddington mpaka Bank, ikivutwa na farasi watatu. Baadaye watu wakakata neno wakabaki na mkia, na huo mkia peke yake kwa Kilatini si neno, ile "wote" iko kwa kichwa walichokitupa!

Na amwambie mwalimu kwamba matatu ni yetu wenyewe, inatokana na tatu, zile senti kumi kumi tatu za nauli ya zamani.