Kubadilisha nyuzi za mandolini, kwa wanaoanza Tanga

Usitoe nyuzi zote nane kwa mpigo. Daraja la mandolini, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya ubao, halijagandishwa kwa gundi. Linasimama kwa sababu nyuzi zinalikandamiza. Ukizilegeza zote linaanguka, na ukilirudisha pasipo pake utatyuni hadi jasho likutoke na noti za juu zitakataa kukaa. Badilisha mmoja mmoja, na kabla hujaanza weka alama nyepesi ya penseli kando ya miguu ya daraja.

Kwa hewa ya Tanga, nyuzi huharibika hata zisipopigwa. Upepo wa baharini una chumvi, vidole vina jasho, na masika yanaongeza unyevu. Pitisha kidole chini ya waya, upande unaotazama ubao. Ukihisi mikwaruzo, kutu imeshaingia hata kama juu unang'aa.

Seti ya mandolini ikikosekana madukani, nunua seti mbili za gita la akustiki zinazoanzia namba 10 (namba ni unene wa waya, kwa sehemu za elfu za inchi): zile za 10, 14, 23, 30, 39 na 47. Soma pakiti, maana kampuni hazipangi sawa. Chukua mbili mbili: 10 ziwe E, 14 ziwe A, 23 ziwe D, 39 ziwe G. Seti nyepesi ya mandolini yenyewe ni 10, 14, 24 na 38, kwa hiyo hujapoteza kitu. Zilizobaki mpe mpiga gita.

Waya wa gita una kipete mwishoni. Kibane kwa plaizi mpaka kipasuke kitoke. Kitanzi kinachobaki ndicho cha kutia kwenye kulabu ya mkiani. Bana kipete tu. Ukiujeruhi msokoto ulio jirani yake, utafumuka ukianza kukaza. Na kama mandolini yako ina mgongo wa mviringo kama boga, usiivalishe seti nzito ya 11 hadi 40: ubao wake wa juu ni mwembamba, utabonyea.

Sasa kazi yenyewe. Legeza waya wa zamani ndipo uukate. Ukikatwa ukiwa umekaza unaruka usoni. Tia kitanzi cha mpya kwenye kulabu na ukishikilie kwa kidole, kwa sababu kinapenda kuchomoka waya ukiwa bado umelegea. Pitisha kwenye kigingi, vuta, kisha rudisha kiasi cha sentimita 5 kwa waya mnene na 7 kwa mwembamba. Hiyo inatoa mizunguko mitatu hadi minne, na kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Mizunguko ikipandana, waya utateleza kila siku na utamlaumu fundi bure.

E ndiyo inayokatika zaidi, na mara nyingi kosa si la waya. Imenasa kwenye mfereji wa juu ya shingo. Sugua ncha ya penseli humo kabla ya kuupitisha.

Kadiri unavyokaza, kichwa cha daraja huvutwa kuelekea shingoni. Litazame kwa ubavu. Likiinama, lisimamishe taratibu kwa vidole gumba viwili.

Mwisho, pima. Piga sauti ya kengele kwenye freti ya 12 (kile chuma cha 12 kinachokatiza shingo), yaani gusa waya kidogo juu yake bila kuubonyeza, kisha bonyeza hapo hapo upige tena. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze shingoni. Nusu milimita inasikika. Rudia kesho yake, nyuzi zikishajinyoosha.