Jibu: Salfa ya Utaridi imetoka wapi?

Salama mkuu. Umekwama hapa: sayari ya Utaridi iko jirani na Jua, sasa mbona uso wake una salfa tele, wakati salfa hutoroka kwenye joto?

Usianze na salfa. Angalia kwanza uwiano wa potasiamu na thoriamu. Potasiamu hugeuka mvuke upesi, thoriamu ni king'ang'anizi, haigeuki mvuke kirahisi. Sayari iliyochemka sana ingebaki na potasiamu kidogo. Chombo cha anga cha MESSENGER, kilichoizunguka Utaridi 2011 hadi 2015, kilikuta uwiano unaokaribia ule wa Mirihi, yaani potasiamu haikutoroka. Hapo ndipo nilipoiacha ile hoja kwamba Jua liliunguza tabaka la nje la Utaridi.

Kisha soma salfa pamoja na chuma. Salfa hufika asilimia 4 hivi ya uzito, chuma usoni ni haba. Maana yake malighafi ilikuwa na oksijeni kidogo: chuma kingi kilibaki metali kikazama kiinini, na salfa ikayeyukia kwa wingi kwenye mawe ya moto.

Kwa nini kiini ni kikubwa hivyo, takriban asilimia 85 ya nusu kipenyo? Hapo hata wataalamu bado wanabishana. Wanaotetea mgongano mkubwa, yaani kwamba gimba jingine liliigonga Utaridi na kung'oa mawe yake ya nje, wana kibarua cha kueleza potasiamu ilisalimikaje.