Wasomaji Wauliza: Vipokezi vya Ubongo Vina Kazi Gani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka hapa Nairobi. Mpwa wangu, msichana wa miaka 19 aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga na chuo, alianza ghafla kukosa usingizi na kusema kwamba anasikia sauti. Kabla ya wiki mbili kwisha akawa hatutambui, na midomo yake ikawa inachezacheza bila yeye kutaka. Baadhi ya jamaa walisema amerogwa, wengine wakasema ni bangi. Hatimaye daktari wa neva aliagiza maji ya uti wa mgongo yapimwe, akatueleza kwamba kingamwili zake zinashambulia vipokezi vya NMDA vilivyo kwenye ubongo. Sasa anatibiwa na ameanza kutuita kwa majina. Vipokezi hivi ni nini hasa, na kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kumwondolea mtu kumbukumbu na akili zake?
Mjomba wa mgonjwa, Umoja

JIBU: Pole sana, mjomba, wewe na jamaa wote, na hongera kwa kutoacha kuuliza. Ukishaelewa kazi ya kipokezi, utaelewa pia kwa nini mpwa wako alibadilika kwa siku chache tu, na kwa nini sasa anaweza kurudi katika hali yake.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kwa kawaida seli hizo hazigusani. Pale seli moja inapopakana na nyingine pana mwanya wa takriban nanomita 20, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 50,000. Mahali hapo ndipo panapoitwa sinapsi. Seli inayotuma ujumbe humwaga kemikali kwenye mwanya huo, mara nyingi kemikali iitwayo glutameti, na seli inayopokea ina protini maalumu kwenye utando wake wa nje ambazo huinasa kemikali hiyo. Protini hizo ndizo vipokezi.

Vipokezi vya glutameti ni vya aina kadhaa, lakini viwili ndivyo vinavyohusu swali lako. Kipokezi cha AMPA hufunguka mara tu glutameti inapokigusa, chembe za sodiamu zikaingia, na seli ikasisimka. Kipokezi cha NMDA ni kigumu zaidi, kwa sababu tundu lake huwa limezibwa na chembe ya magnesiamu ambayo haiondoki mpaka seli inayopokea iwe tayari imesisimka vya kutosha. Kinafanana na sanduku la akiba la chama lenye kufuli mbili: glutameti peke yake haitoshi, na msisimko wa seli peke yake hautoshi, ni lazima vyote viwili viwepo kwa wakati mmoja. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1984, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa uvumbuzi mzuri kuliko wote katika sayansi ya ubongo, kwa kuwa linaonyesha jinsi protini moja tu inavyoweza kutambua kwamba seli mbili zimefanya kazi pamoja.

Tundu hilo likizibuka, kalsiamu huingia ndani ya seli, na kuanzia hapo sinapsi yenyewe huanza kubadilika umbo. Kalsiamu ikiingia kwa wingi, huamsha kimeng'enya ambacho huwezesha vipokezi zaidi vya AMPA kupanda juu ya utando na kushikiliwa hapo, na kile kijichomozo kidogo cha seli kinachobeba sinapsi huvimba ndani ya dakika chache. Ujumbe wa aina ile ile ukija tena, seli huuitikia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kalsiamu ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, hutokea kinyume chake: vipokezi vya AMPA huvutwa ndani na kijichomozo husinyaa. Kwa hiyo nguvu ya sinapsi hutegemea kwa kiasi kikubwa idadi ya vipokezi vilivyo juu ya utando wakati huo, na idadi hiyo hupanda na kushuka kila siku ya maisha yetu. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwa sungura, katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, kwamba mipigo ya haraka ya umeme huziimarisha sinapsi kwa saa nyingi. Hipokampasi ndiyo sehemu tunayoitegemea kuhifadhi kumbukumbu mpya, na ina vipokezi vya NMDA kwa wingi.

Sasa turudi kwa mpwa wako. Kingamwili zake, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu, hushika vipokezi vya NMDA viwili viwili na kuviunganisha, kisha seli huvivuta ndani. Sinapsi inabaki mahali pake, na seli yenyewe kwa kawaida haifi, lakini juu ya utando vipokezi vimepungua mno, kwa hiyo mambo mapya hayapati pa kushika. Na kuhusu zile sauti, zingatia kwamba ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana hospitalini, huziba vipokezi hivi hivi, na kwa kipimo kidogo huweza kumfanya mtu mzima wa afya aone na kusikia visivyokuwapo. Hakuna haja ya kutafuta mchawi wala ya kumshuku msichana kwamba alivuta kitu.

Wala nisiwalaumu jamaa zako. Ugonjwa huu, uitwao kwa Kiingereza anti-NMDA receptor encephalitis, ulipata jina mwaka 2007, pale daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake walipoeleza habari za wanawake 12, wengi wao wakiwa na uvimbe kwenye ovari ambao ndani yake mlikuwa na tishu za neva. Mwili ulikuwa unaupiga vita uvimbe huo, na kingamwili zile zile zikaushambulia ubongo. Kwa sababu hiyo, kama madaktari bado hawajachunguza ovari za mpwa wako, waulizeni bila kuona haya, maana uvimbe ukipatikana ni lazima uondolewe pamoja na kutumia dawa za kutuliza kinga. Wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote, na wanaume na watoto pia hupatwa.

Kingamwili zikipungua, seli hurudisha vipokezi juu ya utando. Katika utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia mamia ya wagonjwa, wapatao 4 kati ya kila 5 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi 24, na walioanza matibabu mapema walifanya vizuri zaidi. Lakini kupona huku ni kwa polepole. Huenda mpwa wako asikumbuke kamwe wiki zile za ugonjwa, na kwa miezi kadhaa akapata shida ya kupanga mambo au kushika anayosoma. Ombeni chuo kimpe nafasi, msimharakishe. Karibu mgonjwa 1 kati ya 8 hurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 2, kwa hiyo msiache kliniki hata akionekana mzima kabisa. Nawaomba na wasomaji wengine: kijana asiyewahi kuugua akili akibadilika tabia ndani ya siku chache, hasa akipata kifafa, midomo ikimchezacheza au usemi ukimpotea, apelekwe hospitali achunguzwe ubongo kabla ya kupelekwa kwingine kokote.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Je, ni kweli kwamba mtoto mdogo ana sinapsi nyingi kuliko mtu mzima? Na kama ni kweli, zile zinazozidi huenda wapi?
Mwalimu, Kawangware

JIBU: Ni kweli, mwalimu. Ubongo wa mtoto huunda sinapsi kupita kiasi, kisha huzipunguza kwa miaka mingi, na katika sehemu ya mbele ya ubongo kazi hiyo huendelea hadi ujanani. Hapa pia vipokezi ndivyo vinavyoongoza. Katika panya imeonekana kwamba baadhi ya sinapsi dhaifu huwekewa alama na protini za kinga ziitwazo C1q na C3, na seli za usafi za ubongo, mikroglia, zina kipokezi kinachoitambua C3. Zikiikuta, huimeza sinapsi hiyo.

Sinapsi isiyotumika ndiyo iliyo hatarini zaidi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifunga jicho moja la mtoto wa paka wakaona kwamba ubongo uliacha kulisikiliza hata baada ya kufunguliwa, ilhali paka mzima aliyefungwa jicho vivyo hivyo hakudhurika. Ndiyo maana mtoto anayezaliwa na mtoto wa jicho mzito anatakiwa kufanyiwa upasuaji katika wiki 6 hadi 8 za kwanza. Ukiona doa jeupe katikati ya mboni ya mtoto yeyote, mwambie mzazi siku hiyo hiyo.

SWALI: Najiandaa kwa KCSE na nakesha kwa kahawa. Je, kahawa inaongeza nguvu ya ubongo?
Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Hapana, mwanangu. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kushika vipokezi vyake, nawe ukasikia usingizi. Kafeini huvikalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, kwa hiyo uchovu upo ila huuhisi. Katika panya waliolala, idadi ya vipokezi vya AMPA kwenye sinapsi hupungua kwa utaratibu, na watafiti wengi huona kwamba hivyo ndivyo ubongo unavyopata nafasi ya kujifunza kesho yake. Kunywa kahawa yako asubuhi, na usiku ulale.